Ufupi Angavu: Umbo la Ufafanuzi wa Calvin juu ya Waraka kwa Warumi

Wahubiri wengi hukifungua kitabu cha ufafanuzi kama mtu afunguavyo ghala. Ni Jumamosi usiku, somo la kesho limeshapangwa, na kinachotafutwa ni cha kubeba: maana ya neno la Kigiriki, habari ya mji wa kale, mfano wa kufungia mahubiri. Usomaji huo una manufaa, nami sitaudharau. Lakini hulipita jambo ninaloliona kuwa bora zaidi, yaani kwamba ufafanuzi nao ni utungo, na kwamba namna mfasiri anavyokata, anavyopanga na anavyonyamaza humfunza mhubiri kuliko maelezo yenyewe.

Jean Calvin alilijua hili kabla ya kuchapisha ufafanuzi wake wa kwanza wa Maandiko, ule wa Warumi uliotoka Strasbourg mwaka 1540. Katika barua ya utangulizi ya Oktoba 1539 anamkumbusha rafiki yake Simon Grynaeus mazungumzo yao ya miaka mitatu nyuma, walipokubaliana kwamba sifa kuu ya mfasiri ni kile ninachopenda kukiita ufupi angavu: ufupi usioitia maana giza. Kisha, kwa heshima kubwa, anawapima waliomtangulia kuufafanua waraka huo. Melanchthon alishughulikia mada kuu, akayaacha mengi ambayo msomaji wa kawaida angeyahitaji. Bucer naye hakuacha kitu, ila urefu wake humchosha mtu mwenye shughuli nyingi. Kati ya hao wawili Calvin hakutafuta wastani. Alibadili mgawanyo wa kazi. Kitabu chake cha Institutio, kilichokuwa na sura sita mwaka 1536, kilitoka upya mwaka 1539 kikiwa na sura kumi na saba, na mijadala mirefu ya mafundisho ikawekwa humo. Ufafanuzi ukabaki mwepesi kwa sababu mzigo ulikuwa na pa kutuliwa.

Wepesi huo huonekana katika ufundi wa ukurasa. Kwanza huja muhtasari wa waraka mzima, ili msomaji asiingie kwenye aya kabla ya kuona hoja inakoelekea. Ndipo hufuata fungu la aya chache katika tafsiri yake mwenyewe ya Kilatini, kisha maneno ya Paulo hunyofolewa kipande kwa kipande, kila kipande kikiwa kichwa cha maelezo yake. Paulo ndiye anayeshika mwendo. Mfasiri hana vichwa vyake vya habari, na ninaamini kwamba kujizuia huko ni uamuzi wa kisanaa kadiri ulivyo wa kiteolojia.

Tutazame Warumi 1:17, pale Paulo anapolitaja neno imani mara mbili mfululizo, ya kwanza ikiwa chanzo na ya pili ikiwa kikomo. Calvin anatumia sentensi chache tu. Anaonyesha kwamba usemi huo unachukua nafasi ya ule wa aya iliyotangulia kuhusu kila aaminiye. Anasema kwamba unahusu kukua kwa imani siku hata siku. Kisha anaweka taswira moja: mwanzoni mtu huuona uso wa Mungu ukimwelekea kwa upendeleo, lakini kwa mbali, na kadiri maarifa yanavyokua ndivyo anavyosogea na kuuona wazi zaidi. Baada ya hapo ndipo anapowataja, bila majina, wanaodhani kwamba Paulo analinganisha Agano la Kale na Jipya, na kuwajibu kwamba wazo lao lina werevu kuliko msingi.

Mpangilio huu una maana. Wafasiri wengi huanza kwa kuorodhesha maoni ya wengine, na msomaji hufika kwenye jibu akiwa amechoka. Hapa jibu limetangulia, na kosa linapimwa kwa nuru iliyokwisha kuwashwa. Taswira ya uso haikunyooshwa hata kidogo. Haielezi huo umbali ni upi wala hatua za kusogea ni zipi, na pengo hilo ndilo linalomwita mhubiri: yeye anaijua sura ya umbali huo katika usharika wake, kwa mjane, kwa kijana aliyebatizwa juzi, kwa mzee wa kanisa aliyezoea mno.

Calvin mwenyewe hakuliziba pengo hilo kwa kuusoma ufafanuzi mimbarini. Waraka kwa Waefeso una sura sita, naye aliufafanua kwa kifupi mwaka 1548. Alipouhubiri Geneva mwaka 1558 na 1559, ulichukua mahubiri 48. Kilatini cha wasomi kiligeuka Kifaransa cha watu wa mji, na kipande kilichopata aya moja ya maelezo kiliweza kujaza saa nzima. Alipanda bila karatasi ya mahubiri. Tunayasoma leo kwa sababu chini, miongoni mwa wasikilizaji, alikaa mkimbizi wa Kifaransa, Denis Raguenier, aliyeajiriwa mwaka 1549 kuyanakili kwa hati ya mkato.