Popobawa: Jina na Umbo Lake

Ni maneno machache ya Kiswahili ya siku za karibu yaliyosafiri mbali kama neno Popobawa, na machache zaidi yaliyofasiriwa kwa pupa kama hilo. Habari yenyewe ni maarufu. Katika Ramadhani ya 1995 hofu iliwashika watu wa Pemba, ikavuka bahari hadi Unguja, na baadaye ikafika Dar es Salaam. Mitaa iliyozoea utulivu wa usiku ikawa haina usingizi: watu waliacha vitanda vyao, wakalala nje makundi kwa makundi, wakikoka moto na kukesha. Ilisemwa kwamba Popobawa huingia chumbani, humkaba aliyelala na kumwingilia kwa nguvu, awe mwanamume au mwanamke. Kisha humwamuru asimulie yaliyompata, na asiposimulia atarudiwa. Hiyo haikuwa mara ya kwanza, kwani habari za Pemba huanzia 1965; wala haikuwa ya mwisho, maana Dar es Salaam ilitishika tena 2007.

Waandishi wengi wa kigeni walipolipata jina hili walilichana vipande viwili: popo ni popo, na bawa ni bawa, basi huyu ni kiumbe mwenye mabawa ya popo. Wengine wakamwongezea jicho moja na kucha, wachoraji wakamtia wino, na leo picha yake imetangulia maneno ya watu waliomtaja kwanza. Ni ajabu kwamba kazi yote hiyo imesimama juu ya tafsiri ya sarufi ambayo haikupimwa.

Na ipimwe. Kiswahili kina majina mengi ya kuunganisha ambayo neno la pili huonyesha alama ya kumtambulisha mwenye jina: punda milia hutengwa na punda wengine kwa milia yake, na askari kanzu hutengwa na askari wenziwe kwa kuvaa kanzu. Lakini ni popo gani asiye na bawa? Alama waliyo nayo wote haimtambulishi mmoja. Kwa hiyo kulisoma jina hili kama maelezo ya mwili wa mnyama ni kuliachia neno la pili likae bure.

Martin Walsh, aliyechunguza mambo haya kwa makini kuliko wengi, ametaja maelezo yaliyo karibu zaidi na masimulizi: kwamba jina latokana na kivuli cheusi kinachotanda juu ya aliyelala, mfano wa bawa la popo. Maelezo haya yana nguvu, ingawa nayo hayakosi ugumu, kwa kuwa katika Kiswahili neno kuu hutangulia, na hapa lililotangulia ni popo, si bawa. Mtu aweza kujibu kwamba majina ya mashetani hayafuati kanuni za majina ya wanyama. Huenda ni kweli. Lakini jibu hilo lahitaji kuthibitishwa kwa majina mengine ya pepo wa Pemba na Unguja, si kwa kudhani tu.

Kwa upande mwingine, tukio lenyewe lilikuwa na jina la kale. Anayeamka usiku akili iko macho na mwili haujibu, akahisi uzito kifuani, husema amekabwa na jinamizi. Joe Nickell wa Marekani alipoeleza kwamba walioshambuliwa walikuwa katika ndoto za kuamka, alilieleza jinamizi, na kwa hilo hakukosea. Alichokiacha ni kile ambacho jinamizi halifanyi. Jinamizi ni la mtu mmoja na kitanda chake. Halihami mtaa, wala halimwamuru mtu akaseme. Popobawa huishi kwa kusemwa.

Hapo ndipo kitabu cha Katrina Daly Thompson cha 2017 kinapostahili sifa, maana kimeyachukua mazungumzo hayo kuwa ndiyo jambo lenyewe la kuchunguzwa, pamoja na mzaha wake na mambo ya unyumba ambayo bila Popobawa yasingetajika hadharani. Siasa yaweza kupitiwa kwa haraka. Wapo wanaomfunga Popobawa na uchaguzi wa Oktoba 1995, na Walsh katika makala yake ya 2009 ameonyesha jinsi maelezo ya watu yalivyobadilika hata yakachukua sura hiyo. Lakini 2007 haukuwa mwaka wa uchaguzi mkuu.

Kichwa cha kitabu cha Thompson, hata hivyo, kinaweka mazungumzo upande wa Tanzania, na makosa ya kusoma upande wa dunia. Mgawanyo huo ni mwepesi mno. Mwaka huohuo wa 1995, mjini Unguja, mgeni mmoja kutoka bara, mgonjwa wa akili aliyekuja kutafuta matibabu, alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, na umati ukamwua. Waliofanya hivyo hawakuhitaji mfasiri wala mchoraji. Nao pia walikuwa wamechoka na kitu kisicho na umbo, wakalitafutia jina mwili, na mwili wa kwanza uliokuwa mgeni ukatosha.

Kwa hiyo mtungaji wa kamusi atakayelieleza neno hili ana kazi isiyo ndogo. Akiandika kwamba Popobawa ni mnyama mwenye mabawa ya popo, atakuwa ameitia muhuri tafsiri ya magazeti. Yafaa aanze na pepo, kisha ataje kivuli, kukaba na amri ya kusimulia. Na aonyeshe tofauti yake na jinamizi, ambalo ni jirani yake wa karibu kuliko popo yeyote anayening'inia mwembeni.