Mcheshi Aliyepewa Urais na Mashine



Huenda ukashangaa kukuta katika kurasa hizi maneno juu ya mchezo wa sinema, tena wa kuchekesha, tena wa Marekani. Usishangae. Sinema hizi zimekwisha kuingia majumbani mwetu pasipo kubisha hodi. Watoto wanazitazama katika simu na televisheni, na wakubwa wameketi nyuma yao wakicheka pamoja nao. Kitu kinachoingia nyumbani kwako ni haki yako kukiuliza kinasema nini. Na hii ninayotaka kuizungumza inahusu uchaguzi, jambo ambalo sisi watu wa pwani twalijua kwa utamu wake na kwa uchungu wake.

Sinema yenyewe yaitwa Man of the Year. Ilitoka mwaka 2006. Aliyeitunga na kuiongoza ni Barry Levinson, na mchezaji wake mkubwa ni Robin Williams, yule mcheshi mashuhuri aliyefariki mwaka 2014. Kisa chake kwa ufupi ni hiki. Tom Dobbs ni mtu wa kuchekesha katika televisheni, kazi yake kuwakejeli wanasiasa. Watu wakamwambia: mbona hugombei wewe? Akagombea, na jina lake likaingia katika karatasi za kura za majimbo 13 tu. Wapinzani wake ni rais aliye madarakani, Kellogg, na seneta aitwaye Mills. Siku ya uchaguzi akatangazwa mshindi.

Walakini hakushinda. Nchi ilikuwa imenunua mashine mpya za kura kutoka kampuni moja, Delacroy, na mashine hizo zina kasoro: hazifuati wingi wa kura, zafuata herufi zilizoandikwa pacha katika jina. Dobbs ana b mbili, Kellogg ana g mbili, Mills ana l mbili. Na kwa kuwa b hutangulia g, na g hutangulia l, Dobbs akawa wa kwanza. Mfanyakazi wa kampuni hiyo, Eleanor Green, aliona kabla ya uchaguzi kwamba hesabu haiendi sawa, akamwarifu mkuu wake, akapuuzwa. Alipozidi kushikilia akadungwa sindano ya madawa, ili aonekane mtu aliyeharibika, asiyefaa kuaminiwa.

Mtu atasema: hii ni hadithi ya kubuni, waitakia ukweli wa nini? Jawabu ni kuwa hadithi ya kubuni nayo ina sharia zake, na wazee wetu walizijua kabla sinema haijazaliwa. Sote tumesikia kisa cha Abunuwasi na sufuria. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kisufuria kidogo ndani yake, akasema imezaa. Jirani akafurahi, akapokea zote mbili. Mara ya pili aliazima asirudishe, akasema sufuria imekufa. Jirani akapiga makelele: tangu lini sufuria ikafa! Lakini alikwisha kukubali kuwa imezaa, na kizaacho hufa. Sijapata kumsikia mtoto akisema kisa hiki hakiaminiki, japo sote twajua kuwa sufuria haizai. Mtunzi ana ruhusa ya kutuomba tukubali ajabu moja mlangoni. Tukisha kuikubali, yampasa naye akubali kila lizaliwalo nayo. Hapo ndipo sinema hii inapofanya nyufa.

Kwanza tusimwonee mtunzi. Mtu aweza kudhani kuwa mgombea wa majimbo 13 hawezi kabisa kuwa rais wa nchi yenye majimbo 50. Aweza. Rais wa Marekani huchaguliwa kwa wajumbe 538 waliogawiwa majimbo, na apataye 270 ameshinda. Kwa mgao wa miaka ile, majimbo 11 makubwa yalitosha kufikisha 271. Kadhalika ile mashine moja ya nchi nzima: huko uchaguzi huendeshwa na majimbo, na ndani yake na wilaya zaidi ya 3,000, kila mahali na vifaa vyake. Lakini hili na tulikubali. Ndiyo sufuria yake iliyozaa.

Ufa wa kwanza ni huu. Siku ya kumchagua rais, Wamarekani hawamchagui rais peke yake. Siku hiyo hiyo huchaguliwa wajumbe wote 435 wa Baraza la Wawakilishi, na thuluthi ya maseneta, na katika majimbo mengi mahakimu na madiwani. Kama mashine yazipenda herufi pacha, basi yazipenda kwa kila mtu. Kila Russell na kila Bennett angepanda, na kila Johnson na kila Smith angeanguka mbele yao, toka ncha moja ya nchi hata ya pili. Asubuhi yake mwanafunzi wa chuo anayejifunza alifu na be angeliona jambo hilo. Katika sinema halionwi na yeyote ila Eleanor.

Ufa wa pili ni ukimya wa walioshindwa. Rais aliyeko madarakani anaondolewa na mcheshi ambaye jina lake halikuwako katika majimbo 37, naye akubali kama mtu aliyekosa basi la saa mbili! Sinema ilitoka miaka sita tu baada ya Bush na Gore kugombania jimbo la Florida mwaka 2000. Tofauti yao ilikuwa kura 537 katika kura karibu milioni 6. Watu wakakaa na vioo vya kukuzia macho wakitazama matobo ya kadi za kura moja moja, kesi zikafunguliwa, na jambo halikwisha mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipoamua tarehe 12 Disemba, siku 35 baada ya kupiga kura.

Tena sikiliza ajabu hii. Sinema ilionyeshwa Oktoba 2006. Novemba mwaka huo huo, katika wilaya ya Sarasota huko huko Florida, mashine za kugusa kwa kidole zisizotoa karatasi zilionyesha watu kama 18,000 waliopiga kura lakini hawakumchagua mtu katika kiti kimoja cha Baraza la Wawakilishi, na mshindi wa kiti kile alipita kwa kura 369. Je, watu walinyamaza? Hawakunyamaza. Walikwenda mahakamani, Bunge lenyewe likaagiza mashine zichunguzwe. Haikuthibitika kuwa mashine ndizo zilizokosea, na wengine wakalaumu namna ukurasa ulivyopangwa. Hata hivyo, mwaka 2007 Florida ilipitisha sheria ya kurudi katika karatasi. Basi hofu ya mtunzi juu ya mashine ilikuwa hofu ya kweli. Asichokijua ni tabia ya binadamu aliyepokonywa haki yake: huyo hupiga kelele.

Ufa wa tatu ndio mkubwa, na ndio ulionifanya nishike kalamu. Mazungumzo yote ya nusu ya pili ya sinema ni hili: je, Eleanor ataaminiwa? Anadungwa sindano, anafukuzwa, anawindwa barabarani, na ile sinema ya kuchekesha inageuka ghafla kuwa ya kutisha. Lakini siri anayoijua ni siri ya namna gani? Ni hesabu. Mpe mtu yeyote mashine moja, aandike majina matatu, ampe Mills kura kumi na Dobbs kura moja, kisha atazame. Dakika tano zatosha. Hapana haja ya kumwamini Eleanor, wala ya kujua kama ni mzima au mgonjwa. Kampuni ingemuua mara mia, na kasoro ingebaki ndani ya mashine ikimngoja mtu wa kwanza atakayejaribu.

Wanazuoni wetu, ndugu msomaji, waliweka elimu kubwa ya kumchunguza mtu aletaye habari: ni mkweli, ana hifadhi nzuri, alimsikia nani. Walifanya hivyo kwa kuwa neno lililosemwa na tukio lililopita havirudi tena kutazamwa, na hatuna njia ya kuvifikia ila kwa mpokezi wake. Hesabu si hivyo. Hesabu aliyoifanya mwongo yaweza kuwa sahihi, na aliyoifanya mcha Mungu yaweza kuwa na kosa, na dawa ya zote mbili ni moja: ihesabiwe tena mbele ya watu. Sinema hii imelichukua jambo la kuhesabiwa ikalifanya jambo la kuaminiana.

Ufa wa nne ni mwisho wake. Dobbs anakwenda mbele ya televisheni, anatangaza kuwa hakushinda, anajitoa. Uchaguzi unarudiwa pasipo yeye, na Kellogg anapata kipindi cha pili. Katiba ya Marekani haina kifungu cha kurudia uchaguzi wa rais. Mtunzi amekibuni ili apate pa kutokea.

Na hapa msomaji wa Mombasa au Lamu atacheka, kwani lisilokuwako Marekani liko kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema kuwa Mahakama ya Juu ikibatilisha uchaguzi wa rais, mwingine ufanywe katika siku 60. Tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ilibatilisha uchaguzi wa Agosti, majaji wanne kwa wawili, na uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba. Kesi ile ilihusu mitambo ya kompyuta iliyopeleka matokeo, tume ikaamrishwa iifungue ipate kutazamwa, isitimize amri hiyo kama ilivyotakiwa. Mahakama haikuuliza ni nani mwenye uso wa kuaminika. Iliuliza fomu ziko wapi, na zilipita njia gani. Ulipofika uchaguzi wa mwaka 2022, fomu za vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi katika mtandao, na kila aliyetaka aliketi na kalamu yake akajumlisha. Walioridhika na wasioridhika walikuwa na karatasi zile zile mbele yao.

Je, sinema hii haina jema? Inalo. Mtu amepewa cheo kikubwa duniani, na lau angenyamaza kingebaki chake. Anasitasita, kisha anasema kweli na kukirudisha. Hiyo ni amana iliyorudishwa kwa wenyewe, na kijana wetu akiiona akaipenda, hajapotea. Lakini hata jema hili limepunguzwa thamani na zile nyufa. Kweli ambayo kila mtu angeweza kuijua kwa dakika tano haimpi ushujaa mkubwa anayeitangaza. Lau mtunzi angeziba nyufa zake, kitendo cha Dobbs kingekuwa na uzito zaidi.

Kwa nini nimekuchosha na haya yote? Kwa sababu nawasikia watu wakitoka katika sinema za namna hii na moja ya kauli mbili. Wako wasemao: mashine imesema, imekwisha. Na wako wasemao: uchaguzi wote ni mchezo wa mashine, hapana haja ya kwenda kupiga kura. Kauli hizi zaonekana kupingana, nazo ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Wote wawili hawakuhesabu. Mmoja amesadiki pasipo kutazama, mwingine amekanusha pasipo kutazama, na dini yetu imetuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Basi ewe mzazi, watoto wakiitazama sinema hii sikukatazi kucheka nao. Robin Williams alikuwa na kipawa chake. Ila ikisha, usiwaache walale kabla hujawauliza: wale wagombea wengine waliochaguliwa siku ile, kura zao zilihesabiwa na nani? Rais aliyeshindwa, mbona hakusema neno? Na yule bibi, alihitaji aaminiwe, au alihitaji mashine moja na majina matatu? Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo katika hadithi atauliza hivyo siku atakaposimama kituoni yeye mwenyewe, fomu imebandikwa mlangoni, na watu wamemzunguka wakigombana juu ya nani wa kuaminiwa. Atasogea karibu aisome.

Wallahu aalam.