Mswahili Aliyepita Samarkand

Ndugu msomaji, ukiulizwa ni nani katika watu wetu aliyefika Samarkand akaja na habari zake kwa Kiswahili, huenda ukacheka. Samarkand tuijuayo ni ya darasani. Twaisikia pale sheikh anapotaja kuwa Imamu Bukhari alizaliwa Bukhara mwaka 810, akafa mwaka 870 katika kijiji cha Khartang kilicho jirani na Samarkand. Hatudhani kwamba mtu mwenye kusema lugha yetu aliikanyaga ardhi ile. Basi yupo. Jina lake Salim bin Abakari. Mwaka 1896 alifuatana na Mjerumani mmoja, Dokta Bumiller, katika safari ya Urusi, Siberia na nchi za Asia ya Kati, na habari za safari hiyo zilichapwa mwaka 1901 katika kitabu cha Carl Velten kiitwacho Safari za Wasuaheli.

Mimi nakisoma kitabu hiki nikiwa Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, na mahali hapa pananilazimisha nikiangalie kwa jicho jengine. Kwani ndani ya jalada hilo hilo mna safari ya Selemani bin Mwenye Chande, aliyetoka pwani akapita Unyamwezi na Tabora, akaelekea Ziwa Tanganyika. Watu humsifu Salim kwa kuwa alikwenda mbali, na Selemani humpita mbio, kwani nani asiyeijua bara? Ama mimi naona Salim hasomeki sawasawa bila ya Selemani kukaa ubavuni mwake.

Tazama kwanza namna ya usimulizi. Salim hakuwa na mfano wa kitabu cha safari za Urusi wa kuufuata. Alichokuwa nacho ni mazungumzo ya barazani, jinsi watu wa misafara walivyozoea kueleza safari zao: tumeondoka mahali fulani, tumelala mahali fulani, maji yako hivi, chakula kiko hivi, watu wa hapo wavaa hivi. Kwa kipimo hicho hicho ndivyo alivyoipima Siberia. Wako wanaouona usimulizi huu kuwa mkavu. Mimi nauona kuwa ndio nguvu ya kitabu. Mtu aliyezoea habari za vituo vya njia ya Bagamoyo na Tabora anaingia katika nchi ya barafu bila ya kubadilisha sauti, wala hajifanyi Mzungu ili apate kuieleza. Lugha iliyokuwa ikihesabu pembe na posho imeweza kubeba na habari hizo, na haikupasuka.

Sasa mfikirie msafiri mwengine, Ibn Battuta. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, na miaka michache baadaye alikuwa Bukhara na Samarkand. Bukhara aliikuta bado ina makovu ya Chingiz Khan, aliyeivunja mwaka 1220. Lakini Ibn Battuta alikwenda kama mwanachuoni. Popote alipofika aliketishwa na makadhi na masultani, akapewa zawadi. Salim alifika Samarkand akiwa mtumishi wa mtu. Mji wenyewe ulikuwa umetekwa na Warusi tangu mwaka 1868, na garimoshi lao lilikuwa limekwisha fika hapo mwaka 1888. Basi Mwislamu wa nchi iliyotawaliwa na Wajerumani anapita katika mji wa Waislamu waliotawaliwa na Warusi, nyuma ya bwana wake. Tena huyo Bumiller alikuwa afisa wa Wissmann, yule aliyetumwa kuvunja vita vya Abushiri katika pwani yetu. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889, na miaka saba haijapita.

Kwa hiyo, msomaji, unapozisoma kurasa zile usimtake mtumishi ampime bwana wake katika kitabu kinachotengenezwa na wenziwe bwana huyo. Velten alikuwa mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, na kabla ya hapo mkalimani wa gavana wa Dar es Salaam. Maneno ni ya Mswahili. Aliyetaka yaandikwe, akachagua yapi yatoke, ni Mjerumani. Hata herufi zasema hivyo: jina la Chande limeandikwa "Tshande", kwa masikio ya Göttingen kilikochapwa kitabu.

Linalonishughulisha zaidi ni neno moja, nalo ni "washenzi". Katika maandishi ya watu wa pwani wa zama zile waliokwenda bara, neno hilo limetapakaa kama mchele uliomwagika. Mwenye mji, mwenye kanzu na mwenye msahafu ndiye mstaarabu, na anayekutwa njiani ni mshenzi. Lakini njia ile ya Tabora nani aliyeifungua? Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na misafara yao wenyewe, wakiuza pembe, kabla ya wafanyabiashara wa pwani kuja kukaa Unyamwezi. Mnyamwezi alijua vituo, maji na mitaa ya hongo. Mwenye kanzu alijifunza kwake, kisha akamwita mshenzi, na mara nyengine akamnunua na kumuuza.

Kisha mpeleke mwenye kanzu huyo Samarkand. Kule kipimo chake chageuka. Mji ule ulikuwa kiti cha Timur aliyekufa mwaka 1405. Mjukuu wake Ulugh Beg alijenga madrasa pale Registan, akajenga na mahali pa kupimia nyota katika miaka ya 1420. Lau watu wa kule wangetumia mizani yetu, ya nani ana mji wa zamani na nani ana elimu nyingi, je, sisi wangetuita nani? Suala hili Salim halitaji, wala sikutarajia alitaje. Lakini kitabu chenyewe kinaliuliza kwa kuziweka safari mbili hizi katika jalada moja, na sidhani kwamba Velten alikusudia.

Wako watakaolalamika kwamba Salim hakutupa habari za makaburi ya wanachuoni na silsila zao kama atakavyo mtu wa ziara. Malalamiko haya hayana haki. Saa za safari hazikuwa zake. Anayetaka ziara siku hizi aende mwenyewe. Uzbekistan ni nchi huru tangu mwaka 1991, na mji mkuu wake ni Tashkent, uliopokea cheo hicho kutoka kwa Samarkand mwaka 1930. Huko Tashkent huwekwa msahafu mkongwe wa ngozi ambao wenyeji waunasibisha na Sayyidna Uthman, ingawa wataalamu wa maandishi wauona ni wa baada yake. Msahafu huo Warusi waliuchukua kutoka Samarkand mwaka 1869, kwa hiyo Salim alipopita haukuwapo. Ulikuwa St. Petersburg.

Anayeogopa tahajia ya Velten na atafute Swahili Prose Texts cha Lyndon Harries, cha mwaka 1965. Na akikipata aanze na Selemani, aifuate njia ya Tabora mpaka ziwani, ndipo ampande farasi wa Salim.