Kasenga ya kijani: raha ya ku ziwa ni ya nani?



Kuna aina ya sifa inayopendwa sana hapa kwetu Kasenga. Kijana anaamka asubuhi, anapiga picha ya jua linalochomoza upande wa Burundi, mwembe mmoja pembeni, mtumbwi mmoja mbali, kisha anaandika maneno mawili matatu: kartie ya kijani, maisha ni hapa. Tunapenda, tunasambaza, na wenzetu wa Bukavu na Kinshasa wanatamani kuja. Mie pia napenda hizo picha. Lakini leo nataka tuzipime kama vile tunavyopima kitabu ao filamu: zinaonyesha nini, na zinaficha nini?

Tuanze na kile zinachosema kweli. Uvira imebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na njo maana raha yetu ina saa yake. Kuanzia saa kumi hivi mlima unaanza kuficha jua, kivuli kinashuka mpaka ku maji, joto linapoa. Watoto wanaogelea. Vijana wanacheza mpira kwenye mchanga, wengine wamekaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, wanabishana mambo ya timu na ya kazi isiyopatikana. Mama anachoma mikebuka ku makala, harufu inafika mpaka barabarani. Usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa ndagala zinawaka kule mbali kama vile kuna mji mwingine juu ya maji. Hayo yote hayana tiketi. Kwa mtu mwenye lisansi ambaye anangoja kazi mwaka wa tatu, hiyo saa moja ku ziwa inaweza kuwa kitu pekee cha siku ambacho hakimudai pesa.

Sasa, kinachofichwa. Kwanza, ukuta.

Toka barabara kubwa, shuka kuelekea ziwa, hesabu njia unazoweza kupita bila kuomba mtu ruhusa. Parseli nyingi zimeshuka mpaka kwenye maji: nyumba, ukuta, lango, ao plaji yenye viti vya plastiki ambako hauwezi kukaa bila kuagiza kinywaji. Simchukii mwenye plaji. Anatoa kazi kwa vijana, anafagia mchanga wake, anaweka muziki, na siku ya kupata diploma sote tunakimbilia kwake. Shida inaanza pale plaji ya kulipia inapokuwa njia moja tu ya kufika ku maji. Hapo raha imegeuka bidhaa, na asiye na franka anabaki kusikia ziwa nyuma ya matofali.

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iko wazi. Ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali, na ziwa lenyewe, mpaka pale maji yanapofika yakijaa kwa kawaida yake, ni mali ya umma. Hakuna karatasi inayoweza kumpa mtu mmoja mchanga ambao maji yanaufunika kila msimu wa mvua. Ni vizuri tujue hiyo, kwani wengi wetu tunaamini eti aliyejenga ukuta lazima ana haki.

Na ziwa lenyewe linakumbuka mipaka yake kuliko sisi. Tanganyika inapokea mito mingi, Ruzizi ikiwa mmoja wao, lakini mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, kule Kalemie. Kwa hiyo miaka ya mvua nyingi ikifwatana, maji yanapanda polepole na yanashuka polepole. Yalipanda sana katika miaka ya 1870 mpaka Lukuga ikafunguka kwa nguvu. Yalipanda tena mwaka 1964. Mwaka 2021, na tena 2024, yaliingia ndani ya nyumba za watu hapa Uvira na ng'ambo Bujumbura. Wazee walioona 1964 hawakushangaa. Wenye kushangaa ni sisi tuliojenga katika miaka ya maji madogo tukafikiri ndiyo kipimo. Familia zilizopoteza nyumba zinanihuzunisha, nyingi zilinunua kwa jasho na kwa imani. Lakini kila maji yanaporudi nyuma, mafundi nao wanarudi na mawe, palepale. Hilo njo jambo tunalopaswa kuamua sasa, kabla simenti haijakauka.

Pili, picha zinaficha swali la mtu wa agronomi: kijani gani? Majani mafupi ya kupamba na mitende miwili ndani ya lango ni kijani kwa macho, lakini mizizi yake inashika kidogo sana. Mmea uliokuwa unafanya kazi kubwa pembeni ya ziwa ni matete, na hayo ndiyo tunayong'oa kwanza, ati yanaficha maji na yanaleta nyoka. Matete yanavunja nguvu ya mawimbi, yanashika udongo, yanachuja matope, na samaki wadogo wa pembeni wanajificha humo. Ukiyang'oa, wimbi linapiga moja kwa moja ku ukuta wako, kisha unalia kwamba ziwa ni baya.

Tena geuza simu yako. Nyuma ya mpiga picha iko mlima. Huko juu miti imekatwa kwa ajili ya makala, na mihogo imelimwa kwa mistari inayoshuka na mteremko. Mvua ikinyesha kwa nguvu, udongo wote unakuja kwetu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine ilitoka njiani mwake: makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikaharibika. Mji wenye miembe ndani ya parseli na mlima mtupu juu ya kichwa chake bado hauna haki ya kujiita wa kijani.

Najua jibu nitakalopewa. Wengi wanasema: ukiacha pembeni ya ziwa bila mwenyewe, itakuwa jalala na choo, na kipindupindu kitatumaliza. Si hofu ya bure. Uvira inajulikana kwa kipindupindu miaka mingi. Lakini tuangalie ugonjwa unapitia wapi. Robine ikikauka, mama anachukua bidon anakwenda ku ziwa ao ku mto. Ukuta haumupatii maji safi. Unamfanya atembee zaidi na kukuta watu wote wamejaa kwenye kijia kimoja kilichobaki: anayeteka, anayefua, anayeogesha mtoto, mahali pamoja. Dawa ni maji ya robine na vyoo vya watu wote. Kufunga njia kunaongeza msongamano tu.

Kuna somo moja kutoka Nairobi. Mwaka 1989 wakubwa walitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru. Wangari Maathai alikataa. Walimtukana mpaka bungeni, lakini jumba halikujengwa, na mwaka 2004 alipata Nobel ya amani. Bustani ile haikuwa inaingiza pesa nyingi. Thamani yake ilikuwa kwamba mtu asiye na kitu anaweza kulala kwenye majani siku ya Jumapili bila kuulizwa kitu. Sisi tuna ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470, na tunashindwa kulinda kijia cha mita mbili.

Basi tufanye nini, sisi wenye diploma? Naona kazi tatu ambazo hazingoji mfadhili. Tuandike njia zote za kwenda ku ziwa, avenyu kwa avenyu, pamoja na mashefu wa avenyu, ili ijulikane ipi iko wazi na ipi imefungwa, na orodha ifike ku meri. Wanaagronomi turudishe matete ku maji, na kule mlimani tukae na wakulima tupande kalyandra na tripsakumu kwa mistari inayokata mteremko. Mkulima atapata kuni na majani ya mbuzi, sisi tutapunguziwa matope. Na salongo isiishie barabarani, ishuke mpaka ku mchanga.

Kwenye mkutano ujao wa chama nitaleta karatasi ya avenyu zilizo karibu nami: njia nne, mbili zimefungwa. Leteni na za kwenu.