Hesabu za Njia Sita: Klabu ya Watoto Ilivyofungua Msimu

Klabu hii haina bwawa lake. Inakodi la shule, kama zinavyofanya klabu nyingi za watoto Dar es Salaam: urefu mita 25, njia sita zilizotenganishwa kwa kamba za maboya, jioni tatu kwa wiki na Jumamosi asubuhi. Likizo ndefu ya katikati ya mwaka ilipokwisha, watoto 36 walirudi kwa mpigo. Wapo waliorefuka, wapo walionenepa, na wapo ambao hawakugusa maji tangu shule zifungwe. Kocha ana saa moja na robo tu kabla mlinzi hajaanza kupunga funguo za geti. Jinsi alivyoitumia saa hiyo katika wiki tatu za mwanzo ndiyo ninayotaka kuichambua, maana nimeona misimu mingi ikiharibika mapema, kisha watoto wakaambiwa wavivu.

Kauli yangu ni kwamba msimu wa klabu ya watoto hufunguliwa kwa kalamu na karatasi. Mazoezi magumu yanaweza kusubiri mwezi mzima bila hasara. Mtoto aliyepangwa njia isiyo yake, hasara yake inaanza siku ileile.

Kabla ya watoto, maji. Bwawa lililokaa bila watu wakati wote wa likizo huwa na rangi ya kijani pembeni, na hapo wengi humwaga klorini ya unga kwa ndoo. Hapa mtu wa bwawa alianza kwa kupima pH, akaikuta imefika 8, akaishusha kwanza kwa asidi. Alifanya sawasawa. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini iliyomo majini iko katika umbo linaloua vijidudu kwa nguvu. Ikifika 8, inabaki kama robo. Ukimwaga klorini kwenye maji ya namna hiyo, sehemu kubwa ya fedha yako imelala tu. Kazi yenyewe aliifanya jioni, kwa kuwa jua la mchana huila klorini isiyo na kinga ndani ya saa chache. Siku ya pili mama mmoja alilalamika kuwa harufu imezidi, klorini ipunguzwe. Harufu ile kali inayowasha macho hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, na mara nyingi ni dalili kwamba klorini safi imepungua. Dawa yake ni kuiongeza, na kuwaagiza watoto waoge bombani kabla ya kuingia. Kocha alimweleza kwa upole, na siku iliyofuata foleni ya bombani ikawa ndefu.

Sasa njia. Makocha wengi hugawa watoto kwa umri au kwa urafiki. Watoto 36 kwa njia sita ni sita kila njia, imekwisha. Kwenye karatasi inapendeza, majini ni msongamano wa Kariakoo siku ya sikukuu. Kocha huyu alianza na swali jingine: njia moja inabeba watoto wangapi? Jibu linatokana na vitu viwili, muda wa mtoto kwenda na kurudi, yaani mita 50, na pengo la sekunde kati ya mtoto mmoja na anayemfuata.

Chukua watoto wanaoogelea mita 100 kwa dakika 2. Kwenda na kurudi kunawachukua sekunde 60. Wakiachana kwa sekunde 10, wa kwanza anaondoka sekunde ya 0 na wa sita sekunde ya 50. Ya 60 ikifika, wa kwanza anagusa ukuta, na nafasi bado ni sekunde 10 zilezile. Njia imejaa, lakini inatembea. Ongeza wa saba, naye ataondoka wakati uleule wa kwanza anagusa. Watagongana, watasimama, na kila aliye nyuma yao atasimama.

Chukua sasa wenye kasi, wa dakika 1 na sekunde 30 kwa mita 100. Wao hurudi baada ya sekunde 45. Kwa pengo la sekunde 10 njia yao inabeba wanne tu kwa raha. Wengi hawaamini wakisikia hivyo: njia ya wenye kasi hujaa upesi kuliko ya wanaokwenda polepole. Ufumbuzi ni kuwafundisha wenye kasi kuondoka kwa pengo la sekunde 5, jambo wanaloliweza kwa sababu hawayumbi na kasi yao haipandi na kushuka. Kwa pengo hilo, watoto saba wanaingia na nafasi inabaki.

Hivyo ndivyo mgawanyo ulivyokuja kuwa usio sawa: saba njia ya sita, sita njia ya tano, watano watano njia ya nne, ya tatu na ya pili, na wanane wanaoanza kujifunza njia ya kwanza, kando ya ukuta. Hesabu ingeruhusu sita kwenye zile njia za watano, lakini mtoto wa miaka tisa akiingiwa na maji kwenye miwani husimama katikati bila kumuaga mtu. Nafasi moja iliachwa kwa ajili hiyo.

Lipo dogo jingine lililonifurahisha. Kila njia watoto huzunguka, wanakwenda upande mmoja na kurudi upande wa pili. Kocha alizigeuza njia zipishane: ya kwanza inazungukia kulia, ya pili kushoto, ya tatu kulia tena. Uingereza utaratibu huu ni wa kawaida. Kwa mpangilio huo, watoto wawili wanaotenganishwa na kamba moja huwa wanaelekea upande mmoja, kwa hiyo mikono ikigusana inateleza tu. Njia zote zikizunguka upande ule ule, mikono hukutana uso kwa uso, na kiwiko cha kijana wa miaka 15 kikitua kwenye vidole vya mwenzake, mazoezi yameisha.

Lakini utajuaje nani ni wa dakika 2 na nani ni wa dakika 1 na nusu? Hapo ndipo yanapoingia majaribio, na hapo ndipo nina ugomvi na klabu hii.

Kipimo walichotumia kinajulikana kwa makocha: mtoto anaogelea mita 400 kwa nguvu zake zote, kisha kwa wakati mwingine mita 200. Unatoa muda wa 200 kwenye muda wa 400. Kinachobaki ni muda wa mita 200 za ziada, na nusu yake ndiyo kasi ya mita 100 ambayo mtoto anaweza kuishikilia kwa muda mrefu bila kuzimika. Uzuri wake ni kwamba kinakuonyesha asichokionyesha mtoto akishindana mara moja. Tuseme wawili wote wameogelea mita 200 kwa 3:56. Mmoja amemaliza 400 kwa 8:20, mwingine kwa 8:00. Wa kwanza zinabaki sekunde 264, kasi yake ni 2:12 kwa mita 100. Wa pili zinabaki 244, kasi yake ni 2:02. Ukiangalia mita 200 pekee ungewaweka pamoja. Waweke pamoja uone: aliye nyuma kwa sekunde 10 atamkamata mwenzake ndani ya mita 100 za kwanza.

Baba mmoja, mkono ukiwa na saa aliyopewa na kocha, aliuliza swali lililokuwa vinywani mwa wengi: kwa nini mita 400, wakati mashindano ya watoto ni mita 50? Tena Watanzania wawili walioogelea Olimpiki ya Paris 2024, Collins Saliboko na Sophia Latiff, wote walishiriki mbio fupi. Jibu la kocha lilikuwa fupi kuliko swali: "Mzee, hapa sitafuti bingwa, natafuta nani akae na nani." Ningeongeza kwamba mita 50 humpima mtoto aliyerefuka likizo, na si mtoto aliyejifunza.

Wazazi ndio walioshika saa. Watu huogopa kidole cha mzazi kuchelewa kubonyeza, lakini nusu sekunde kwenye mita 400 haibadilishi njia ya mtu. Kosa kubwa ni kuhesabu. Mita 400 kwenye bwawa la mita 25 zina migeuko 15, na mzazi akiinua simu mara moja, mtoto ameshaogelea 350 au 450. Klabu ililizuia hilo kwa kumtaka kila mzazi aandike muda wa kila mita 100. Ukiona 2:01, 2:06, 2:09 halafu 1:03, hapo hakuna muujiza, kuna mita 50 zilizosahaulika. Karatasi mbili zilirudishwa kwa sababu hiyo.

Basi kosa likatokea pengine. Kwa kubanwa na muda, kundi la wakubwa liliogelea mita 400 na 200 jioni moja, mapumziko yakiwa dakika chache tu. Matokeo yalipendeza mno, na ndiyo shida. Mtoto aliyechoka huogelea mita 200 polepole. Muda wa 200 ukiongezeka, tofauti inapungua, na hesabu inamtangaza kuwa ana pumzi nyingi kuliko alizonazo. Sekunde 10 za uchovu kwenye mita 200 zinampa sekunde 5 za uongo kwa kila mita 100. Karatasi ilidanganya kwa kusifu. Wiki iliyofuata wakubwa wa njia ya tano walipewa seti ya mita 100 mara kumi, na kufikia ya sita walikuwa wananing'inia ukutani wakitazama dari ya makuti. Haukuwa uvivu.

Katika majaribio hayohayo, kuna jambo la kuruka ambalo klabu ililipatia bila kelele. Wote walianzia ndani ya maji, wakisukuma ukuta. Kanuni za World Aquatics, shirikisho la kuogelea duniani, zinataka kina kisichopungua mita 1.35 mbele ya vibao vya kurukia, na mabwawa mengi ya shule upande mmoja hayana kina hicho. Hata pale kilipo, huwezi kumrusha mmoja na kumsukumisha mwingine halafu uwalinganishe.

Kuhusu wingi wa mazoezi sina mengi. Walianza na mita 1,000 hivi kwa jioni na kupanda taratibu, bila vibao vya mikononi katika mwezi wa kwanza. Sababu ni bega. Mtoto anayevuta mikono mara 20 kila mita 25 akiogelea mita 2,000 amevuta mara 1,600, mara 800 kila bega, na bega hilo lilikuwa likizoni. Kocha alikuwa na kipimo chake cha kusimamisha: mtoto wa mivuto 20 akifika 26 kwa urefu uleule wa bwawa, seti imeisha kwake, hata kama saa inasema bado mbili. Hilo ningependa kuliona kila klabu.

Njia ya kwanza haikupimwa kwa saa, na ni sawa. Wale wanane walijifunza kuelea chali, kutoa hewa uso ukiwa majini, na kurudi ukutani bila msaada, mwalimu akiwa ndani ya maji pamoja nao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Klabu inayomtoa mwalimu wake bora njia ya kwanza ili akawanoe washindani imekosea mahesabu. Hapa aliachwa palepale. Katika njia hiyo alikuwapo binti mwenye rasta ndefu ambaye kofia ya kawaida ilimchomoka kila alipozamisha kichwa. Alipatiwa kofia kubwa ya nywele nyingi, ya aina ileile na ile ya kampuni ya Soul Cap iliyokataliwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo na kuidhinishwa na FINA (jina la zamani la World Aquatics) mwezi Septemba 2022. Tangu apate kofia, hajakosa siku.

Kwa jumla, naipa klabu hii alama ya juu kwa njia na maji, na ya wastani kwa majaribio. Kosa lenyewe linarekebishika kwa jioni mbili: mita 400 Jumanne, mita 200 Alhamisi, kila mtoto akiwa amepumzika, kisha watoto wahamishwe njia kulingana na karatasi mpya, hata kama marafiki watatenganishwa. Wazazi mnaolipa ada, ombeni kuiona karatasi hiyo. Ina jina la mwanao, muda wake wa kila mita 100 na namba ya njia yake. Kocha asiyekuwa nayo aanze kuiandika wiki hii.