Heko, Makocha wa Nyuma ya Gari

Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, pale Ann Arbor, unaingiza watu 107,601, lakini mechi ya kwanza ya msimu wa futiboli ya Kimarekani huanzia nje, kwenye maegesho, saa kadhaa kabla ya filimbi. Nyuma ya pikapu jiko linafuka moshi. Mzee mwenye kofia ya bluu anapanga vifuniko vya chupa mezani, kuonyesha ulinzi utakavyosimama. Mwanawe anavihamisha.

Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Likifika la nne na imebaki yadi moja, mpira upigwe mbali au timu ijilipue? Mzee anataka upigwe. Kijana anauita huo woga, nami niko upande wake. Soseji zinaungua.

Nawavulia kofia watu hawa. Kocha mwenyewe analipwa mamilioni ya dola. Wao hawaambulii hata senti. Kila mwaka wachezaji wanahitimu au wanahamia vyuo vingine, na mashabiki hawa wanaanza hesabu upya, kwa uchungu uleule.

Kijana ameenda kuchukua mikate. Mzee, kimyakimya, anarudisha kifuniko kimoja mahali pake.