Mchawi Alipe Lini?

Kabla mchawi hajawa mhusika, alikuwa mzinga. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, kanuni za kupiganisha vikosi vya sanamu ndogo juu ya meza, na mwishoni wakaongeza sura ya majoka, mazimwi na wachawi. Mchawi wao alirusha mpira wa moto uliopimwa kwa kipimo cha manati kubwa, na radi iliyopimwa kwa kipimo cha mzinga. Miaka mitatu baadaye Gygax na Dave Arneson wakatoa Dungeons & Dragons. Mzinga ule ukapewa jina na mchezaji wa kuucheza, na pembeni yake akakaa mchezaji mwingine mwenye upanga mmoja. Zamu zao zikawa sawa.

Tangu hapo mashabiki wamekuwa wakibishana nani ana nguvu zaidi. Swali hilo halifiki mbali, kwa sababu mchawi amekusudiwa kufanya makubwa. La msingi ni analipa nini, na hasa analipa lini. Ukiyapitia matoleo ya mchezo huu kwa jicho hilo, utaona wabunifu wakiisogeza siku ya malipo huku na huku.

Malipo ya kwanza yalitoka kwa Jack Vance, mwandishi Mmarekani aliyetoa The Dying Earth mwaka 1950. Wachawi wake huhifadhi matamko machache kichwani, na kila tamko likishatumika hufutika. Gygax aliuchukua utaratibu huo karibu ulivyo, na deni lake halikufichwa: Vecna, mchawi mwovu maarufu wa mchezo huu, ana jina la Vance lililopangwa upya herufi. Katika AD&D, kanuni za mchezo huu zilizoandikwa upya kwa urefu mwishoni mwa miaka ya 1970, mchawi wa ngazi ya kwanza alikuwa na tamko moja kwa siku. Uhai wake ulipigiwa dadu ya pande nne, deraya hakuruhusiwa, na silaha zake zilikuwa kisu, kishale na fimbo. Akipigwa katikati ya kutamka, tamko limepotea. Kupanda ngazi ya pili alihitaji pointi 2,501 za uzoefu, mpiganaji 2,001.

Hapo mtu angesema mizani imekaa. Lakini fuata majedwali hadi mbele kidogo. Ngazi ya saba mchawi aliifikia kwa pointi 60,001, mpiganaji kwa 70,001. Mpiganaji alipotimiza 250,001 na kuingia ngazi ya tisa, mchawi mwenye pointi hizo hizo alikuwa ameshaingia ya kumi, na mpira wake wa moto ulikuwa na dadu kumi za pande sita, moja kwa kila ngazi, bila kikomo. Yaani aliyetakiwa kwenda polepole ndiye aliyetangulia kufika. Wazo lilikuwa kwamba mchawi ateseke kwanza avune baadaye. Tatizo ni kwamba watu wengi hawachezi safari nzima. Kundi lililoishia ngazi ya nne lilimwona mnyonge tu, na kundi lililoanzia ngazi ya tisa lilimpokea mchawi aliyesamehewa deni lote. Malipo yanayotenganishwa na faida kwa miezi ya kucheza hayampimi mtu anayekaa mezani leo.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilitolewa na Wizards of the Coast, kampuni iliyokuwa imeinunua TSR, wachapishaji wa awali wa mchezo huu, miaka mitatu kabla. Kwa maoni yangu hili ndilo lililovunja mizani kuliko yote, na lilivunja kwa nia njema. Kila kanuni iliyoonekana kero iliondolewa au kulainishwa. Fani zote, yaani mchawi, mpiganaji na wengineo, zikapanda ngazi kwa jedwali moja. Mchawi akapata njia ya kutamka kwa tahadhari ili adui aliye karibu asipate nafasi ya kumpiga. Akaweza kujiandikia hati za matamko kwa gharama ndogo, hivyo kikomo cha siku kikalegea. Kila kero ikitazamwa peke yake, ilistahili kwenda. Zikijumlishwa, ndizo zilizokuwa bei yenyewe. Kufikia ngazi ya ishirini mchawi wa toleo la 3.5, yaani la tatu lililorekebishwa, alikuwa na nafasi 36 za matamko kwa siku bila kuhesabu za nyongeza wala za ngazi sifuri, na angeweza kuingia vitani akiwa anaruka, haonekani, ana kasi maradufu na ngozi ya jiwe, vyote kwa pamoja. Mpiganaji alikuwa na upanga uleule, wenye makali zaidi.

Toleo la nne, mwaka 2008, lilikata mzizi: fani zote zikawa na uwezo wa kutumika muda wote, wa mara moja kwa pambano, na wa mara moja kwa siku. Matamko ya kufungua kufuli au kusafiri mbali yakahamishiwa kwenye taratibu za ibada zinazokula dakika na dhahabu. Kihesabu lilitulia. Wengi walilikataa, na mwaka 2009 kampuni ya Paizo ikatoa mchezo wa Pathfinder kwa kanuni za 3.5 zilizorekebishwa, ikapata wateja tele.

Toleo la tano, la mwaka 2014, ndilo lililogundua mahali pazuri pa kuweka bei. Kanuni yenyewe ni fupi: matamko mengi yanayodumu yanahitaji umakini, na mtu hawezi kushikilia zaidi ya moja. Kuruka, kutoonekana, kasi, ngozi ya jiwe, yote yanahitaji umakini, kwa hiyo chagua moja. Ukipigwa, unatupa dadu kuona kama umelishikilia, na kizingiti ni 10 au nusu ya madhara, kikubwa kati ya hivyo. Sioni ubunifu bora zaidi katika historia ya mchezo huu. Mchawi analipa palepale, mbele ya wenzake, na mpiganaji anayemkinga asiguswe anapata kazi ambayo hakuna tamko linaloifanya vizuri kama yeye.

Mkono huohuo unaonekana kwenye tamko la kufungua kufuli, Knock. Katika AD&D mwizi wa ngazi ya kwanza alikuwa na asilimia 25 tu ya kufungua kufuli, na mchawi wa ngazi ya tatu aliifungua bila dadu. Mwizi akabaki mtalii. Mwaka 2014 tamko bado linafanikiwa daima, ila linatoa kishindo kinachosikika futi 300. Uhakika wake haukupunguzwa hata chembe. Sasa kundi zima linageuka kumtazama mwizi: jaribu wewe kwanza.

Mahali pengine wabunifu walijipendelea. Mwongozo wao wa kutunga matamko mapya unasema tamko la ngazi ya tatu linalopiga watu wengi litoe dadu sita za pande sita. Mpira wa moto unatoa nane, wastani wa 28. Goblini wa 2014 ana uhai 7, hivyo hata aliyefanikiwa kukwepa na kula nusu amekufa mara mbili. Kipenzi ni kipenzi. Kinachoniudhi zaidi ni deraya. Toleo la tatu lilimruhusu mchawi kuvaa chuma kizima kwa hatari ya asilimia 35 ya tamko kushindwa. Toleo la tano linauliza tu kama amefunzwa kukivaa, na mafunzo hayo hupatikana kwa ngazi moja ya fani nyingine. Ongeza tamko la Shield, pointi tano za kinga bila kudai umakini, na yule wa kukingwa amekuwa mgumu kupigwa kuliko mkingaji.

Lakini mwanya mkubwa uko kwenye siku. Nafasi 22 za mchawi wa ngazi ya ishirini zilipangwa kwa siku yenye mapambano sita hadi manane, ndivyo mwongozo wa 2014 unavyosema. Makundi mengi hupigana mara moja au mbili kisha hulala. Hapo mchawi anamwaga akiba yote, na mpiganaji, ambaye thamani yake ni kutochoka, hapati nafasi ya kuionyesha. Bei hii hailipwi na mchawi. Inamtegemea msimamizi wa mchezo na saa yake ya ukutani.

Mwongozo huohuo unatoa dawa ya hiari: pumziko fupi liwe saa nane, refu liwe siku saba. Naipenda, kwa sababu mapambano manane kwa wiki yanasimulika bila kulazimisha. Ila ina kovu lake. Kinga ya mchawi iitwayo Mage Armor hudumu saa nane, na iliuzwa kwa hesabu ya kufunika karibu mchana mzima. Wiki inapokuwa ndiyo siku, nafasi ileile inanunua mchana mmoja kati ya saba, kwa hiyo anayetumia dawa hii inambidi pia aandike upya muda wa kila tamko linalodumu kwa saa.